Zana, Faragha na Saa za Kazi: Yanayowagawa Waandishi wa Programu

Mwandishi wa programu za kompyuta hufanya kazi kwa zana ambazo zenyewe ni programu. Seremala akitaka randa yenye umbo jingine humwendea mhunzi. Mwandishi wa programu, akiruhusiwa, hukaa chini akaibadilisha yake mwenyewe. Ruhusa hiyo ndiyo chimbuko la ubishi mwingi katika taaluma hii. Ubishi huo una sura tatu: zana anazotumia, taarifa za watu zinazopita mikononi mwake, na saa anazomuuzia mwajiri. Mara nyingi sura hizo hujadiliwa kila moja kivyake. Zikitazamwa kwa karibu, zote zinarudi kwenye swali moja: nani ana mamlaka ya kuamua programu ifanye nini, na nani anabeba gharama uamuzi huo unapokuwa mbaya.

Zana ya kwanza ni kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo. Hapa ushabiki ni mkubwa kuliko faida ya ubishi wenyewe. Bill Joy aliandika kihariri cha vi mwaka 1976 akiwa mwanafunzi Berkeley, California. Herufi h, j, k na l zinazosogeza kishale katika kihariri hicho zilichaguliwa kwa sababu mashine aliyokuwa akiitumia, ADM-3A, ilichorewa mishale juu ya vitufe hivyo. Karibu nusu karne baadaye, vidole vya watu ambao hawajawahi kuiona mashine hiyo bado vinafuata mpangilio wake. Wengine hushikilia Emacs, wengine VS Code iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015. Mazoea ya vidole ni hoja halali, kwa kuwa anayeandika msimbo kutwa nzima hataki kusimama kuwaza namna ya kufuta mstari. Zaidi ya hapo, hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba kihariri kimoja huzaa programu bora kuliko kingine.

Suala la maana zaidi ni masharti ambayo kihariri hicho kimetolewa nayo. Vim, mrithi wa vi, ilitolewa mwaka 1991 na Mdachi Bram Moolenaar. Inapofunguliwa bila faili, skrini yake huonyesha ujumbe mfupi unaomwomba mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alijitolea kufanya kazi mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na baadaye anayeridhika na programu yake ya bure akawa anaombwa kukichangia kituo hicho. Hakuna mwanahisa aliyehitaji kuridhia jambo hilo. Aliitunza Vim mpaka alipofariki Agosti 2023, na wenzake waliendelea na kazi kwa kuwa leseni inawapa haki hiyo. Programu inayofungwa na kampuni huwa haina mwendelezo wa namna hiyo: kampuni ikifilisika au ikibadili nia, zana hufa na mazoea ya watumiaji wake.

Haki hiyo haikuja yenyewe. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT, alikuwa amerekebisha programu ya printa ya maabara ili iwataarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Maabara ilipopewa printa mpya ya Xerox, msimbo wake haukutolewa, na mtu mmoja wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ametia saini ahadi ya kutunza siri. Kwa jicho la haraka ni kero ndogo ya karatasi. Stallman aliona ndani yake kanuni nzima: anayetumia mashine amenyang'anywa uwezo wa kuirekebisha. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU wa kuandika programu huria, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayompa kila mtumiaji haki ya kusoma, kubadili na kusambaza msimbo mradi naye asiwanyime wengine haki hiyo. Linux ya Linus Torvalds, iliyoanza mwaka 1991, inasambazwa chini ya leseni hiyo. Matunda yake yamefika mpaka Mlimani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Leseni ilikuwa imekwisha kuruhusu tafsiri, hivyo hakukuwa na haja ya kusubiri kampuni ya ng'ambo ipime kama soko la Kiswahili lina faida.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi gharama ya kutegemea zana ya mwingine ni cha Git, zana ya kuhifadhi historia ya msimbo. Kuanzia mwaka 2002, watunzaji wa Linux walihifadhi historia ya kazi yao kwa BitKeeper, programu ya kibiashara ambayo mwenyewe aliwapa bure kwa masharti. Baadhi yao walionya tangu mwanzo. Mwaka 2005, baada ya mvutano kuhusu mtu aliyechunguza namna BitKeeper inavyowasiliana na seva, toleo la bure liliondolewa. Torvalds akaanza kuandika zana yake mwanzoni mwa Aprili, na katika siku chache Git ikawa inahifadhi msimbo wake yenyewe. Kufikia Juni toleo jipya la Linux lilitoka likisimamiwa nayo. Muundo wa Git ulibeba funzo la mgogoro huo. Kila anayenakili mradi hupata historia yake yote, si faili za leo tu. Hakuna seva moja yenye mamlaka ambayo ikizimwa kila kitu kinasimama.

Kwa Afrika Mashariki sifa hiyo ina uzito wa kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na Uganda ikadorora. Aliyekuwa na nakala ya Git katika kompyuta yake aliweza kuendelea kuandika, kulinganisha matoleo na kuhifadhi mabadiliko bila mtandao. Aliyetegemea kihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari alibaki akitazama ukurasa unaozunguka. Hali ni hiyo hiyo bando linapoisha au umeme wa mtaa unapokatika na kuzima kifaa cha intaneti cha ofisi.

Hata hivyo, walio wengi wameirudisha Git kwenye kituo kimoja. GitHub, iliyoanza mwaka 2008, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Julai 2019 ilizuia baadhi ya huduma zake kwa watumiaji walioko Iran, Syria na Crimea ili kutii vikwazo vya Marekani. Historia ya Git waliyokwisha kuinakili ilibaki mikononi mwao. Majadiliano, orodha za kasoro na mipangilio ya timu havimo ndani ya Git, na hivyo ndivyo vinavyopotea mtu akifungiwa mlango. Mwandishi makini huweka nakala mahali pengine kabla ya siku hiyo, hata kama haitarajii.

Malipo ya zana nayo yamebadilika. Zamani leseni ilinunuliwa mara moja. Sasa karibu kila kitu ni ada ya mwezi. JetBrains, kampuni ya zana za kuandikia programu, ilipotangaza mfumo wa ada mwaka 2015, wateja walipinga kwa sauti kubwa kiasi kwamba kampuni ilikubali aliyelipa mwaka mzima aendelee kutumia toleo la kipindi hicho hata akiacha kulipa. Kwa anayepata kipato cha shilingi, ada ya dola ni mzigo unaopanda na kushuka na thamani ya sarafu, na hilo pekee linatosha kuzipa programu huria nafasi ya kwanza katika vyuo na kampuni changa za ukanda huu.

Zana pia zimeanza kumtazama anayezitumia. Nyingi hutuma kwa watengenezaji taarifa za matumizi: amri ipi imetumika, hitilafu ipi imetokea, mfumo gani wa uendeshaji. Februari 2023 viongozi wa lugha ya Go, inayotunzwa na Google, walipendekeza kuweka ukusanyaji wa namna hiyo katika zana za lugha, ukiwa umewashwa kwa kila mtu asiyeuzima. Pendekezo lilikuwa limeandikwa kwa uangalifu, na taarifa zilizolengwa zilikuwa chache. Watumiaji walilikataa sharti la kuwashwa bila kuulizwa, na mpango ukageuzwa: hakuna kinachotumwa mpaka mhusika akubali mwenyewe. Watu waliojua kabisa data hizo zinavyosaidia kurekebisha kasoro ndio walioshikilia kwamba ridhaa hutangulia. Ni vigumu kumwelewa mtu wa namna hiyo anapogeuka na kuwawekea watumiaji wake mtego ambao yeye mwenyewe aliukataa.

Hapo ndipo mjadala wa faragha unapoanza hasa. Vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huweka katika kivinjari, vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape kwa hitaji dogo: tovuti ikumbuke kwamba aliyefungua ukurasa wa pili ndiye aliyefungua wa kwanza. Kampuni za matangazo ziligundua kwamba picha yao ikiwekwa katika tovuti nyingi, kidakuzi kimoja kinaweza kumfuata mtu kila aendako. Uamuzi mdogo wa kiufundi ukawa msingi wa biashara ya kufuatilia watu, na miaka thelathini baadaye vivinjari bado vinahangaika kuurekebisha.

Mwaka 2013 Edward Snowden alitoa nyaraka zilizoonyesha ukubwa wa upelelezi wa shirika la NSA la Marekani, na waandishi wa programu waliitikia kwa kazi. Desemba 2015 Let's Encrypt ilianza kutoa kwa umma, bila malipo, vyeti vinavyoiwezesha tovuti yoyote kusimba mawasiliano yake. Kabla ya hapo, kwa kawaida mwenye tovuti ndogo alilipia au aliacha kurasa zake zisomwe njiani. Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho, hivyo kampuni yenyewe haiwezi kusoma ujumbe. Lakini kusimba maneno hakufichi nani aliwasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi. Signal ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 ilipotakiwa na mahakama ya Marekani kutoa taarifa za mtumiaji, ilichoweza kutoa ni tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti na tarehe ya mwisho kuunganishwa, kwa kuwa haikuwa imehifadhi kingine. Mfano huo una nguvu kuliko ahadi yoyote ya sera ya faragha. Ahadi hubadilika kampuni inapouzwa. Taarifa ambayo haikukusanywa haivuji, haiuzwi na haidaiwi na mtu.

Afrika Mashariki, madhara ya kukusanya kupita kiasi yameonekana waziwazi katika mikopo ya simu. Aplikesheni ya mkopo, mara tu inaposakinishwa, huomba ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa katika simu. Anayehitaji elfu hamsini kwa ajili ya dawa ya mtoto hubonyeza "kubali" bila kusita. Akichelewa kulipa, shangazi yake, mwalimu wa mwanawe na bosi wake hupigiwa simu na kuambiwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Watu hao hawakukopa na hawakukubali chochote. Namba zao zilichukuliwa kutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Nchini Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilipiga marufuku mtindo huo, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakiendeshwa bila leseni.

Kiufundi, kila hatua ya mateso hayo iliandikwa na mtu. Kuna mstari unaoomba ruhusa ya kusoma majina, kuna mwingine unaoyapeleka kwenye seva, kuna jedwali la hifadhidata linaloyapanga kwa ukaribu wa undugu au wingi wa simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, zote zinataka kinachokusanywa kiwe cha lazima kwa kusudi lililotajwa. Ni sheria nzuri. Udhaifu wake ni kwamba mkaguzi hufika baada ya madhara, ilhali aliyeandika mstari ule alikuwapo mwanzo.

Basi kwa nini hakukataa? Jibu liko katika maisha ya kazi.

Kazi ya kuandika programu huhitaji muda usiokatwakatwa. Paul Graham alieleza mwaka 2009 kwamba meneja hugawa siku yake kwa saa moja moja, ilhali mtengenezaji huhitaji angalau nusu siku nzima. Kikao kimoja cha saa tisa alasiri huweza kuharibu mchana wote. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 wa IBM, alikuwa ameandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yake haina siri: watu watano wana njia kumi za kuwasiliana wawili wawili, watu kumi wana arobaini na tano, na kila mgeni lazima afundishwe na mtu ambaye angekuwa anaandika. Nusu karne imepita, na bado mradi ukichelewa jibu la kwanza la wengi ni kuajiri watatu zaidi na kuongeza kikao cha asubuhi.

Anayefanya kazi kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa kampuni ya California anabeba mzigo wa ziada. Kikao cha saa 4 asubuhi San Francisco ni saa 2 usiku hapa wakati wa kiangazi chao, na saa 3 usiku majira yanapobadilika. Mshahara wa dola huvutia, na kwa haki. Umewawezesha vijana wengi kujenga na kusomesha wadogo zao. Lakini wengi wao kisheria si waajiriwa bali wakandarasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada. Mkandarasi wa kampuni ya ng'ambo hana pa kuidai haki hiyo. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinapaswa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutojibu ujumbe baada ya kazi. Huku, simu inayolia usiku wa manane kwa sababu seva imeanguka hupokelewa na mtu ambaye mkataba wake unaweza kukatishwa kwa barua pepe moja. Huyo ndiye anayetarajiwa kusimama kikaoni na kusema kwamba kusoma majina katika simu za wateja si sahihi. Wapo wanaosema, na wanastahili heshima kubwa. Taaluma haiwezi kujengwa kwa kutegemea ujasiri wao peke yake.

Hata programu huria, ambazo hazina bosi, hazikuepuka tatizo hili. Kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa Aprili 2014 katika OpenSSL, maktaba inayolinda sehemu kubwa ya intaneti, ilibainika kwamba mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Miaka kumi baadaye likaja tukio la xz, maktaba ya kubana faili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka 2022, alipokuwa akishinikizwa aharakishe matoleo, alieleza kwamba amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili na kwamba mradi ni kazi isiyo na malipo. Mchangiaji aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa ameanza kutuma marekebisho mazuri tangu 2021, akapewa sehemu ya usimamizi. Mwanzoni mwa 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva kwa mbali.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft. Alikuwa akipima kasi ya jambo jingine, akaona kuingia kwenye seva kupitia SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alikuwa na muda wa kufuatilia nusu sekunde hiyo, alikuwa na msimbo wazi wa kuusoma, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokiona. Mlango uliingia kwa uchovu wa mtu mmoja asiyelipwa, ukafungwa na mwingine aliyelipwa na aliyeruhusiwa kudadisi. Mashirika yanayotengeneza faida juu ya programu hizo yana deni hapa, na deni hilo hulipwa kwa fedha na muda wa wafanyakazi.

Wasaidizi wa akili bandia ndio zana mpya inayounganisha masuala yote matatu. GitHub Copilot ilianza kuuzwa Juni 2022 kwa dola 10 kwa mwezi. Kwa anayejifunza lugha mpya au kuandika sehemu za kawaida, msaada wake ni wa kweli. Madai kwamba huharakisha kila kazi hayajathibitika: utafiti wa shirika la METR wa mwaka 2025, uliohusisha waandishi wazoefu 16 na kazi 246 katika miradi waliyoijua vizuri, uliwakuta wakitumia muda asilimia 19 zaidi walipotumia wasaidizi hao, huku wenyewe wakiamini wameokoa asilimia 20. Kundi hilo ni dogo, lakini pengo kati ya hisia na saa ya ukutani linatosha kumfanya meneja apime kabla ya kupunguza watu. Nyuma ya wasaidizi hao kuna jasho pia. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kuchambua maandishi ya kutisha ili mifumo ya akili bandia ya kampuni ya OpenAI ifundishwe kuyaepuka.

Upande wa faragha, wasaidizi wengi hufanya kazi katika seva za kampuni yao, kwa hiyo msimbo na chochote kilichobandikwa pamoja nao hutoka ofisini. Mwandishi anayetafuta kasoro katika ripoti ya hospitali au ya benki hushawishika kubandika safu chache za data halisi, zenye majina na namba za simu za wateja. Sheria za Kenya na Tanzania zote zina masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na hazimtofautishi aliyesafirisha kwa lori na aliyesafirisha kwa kubandika. Njia ya kufanya kazi hiyo bila kuvunja sheria ipo: data za kubuni zenye umbo sawa na zile halisi, au msaidizi anayeendeshwa katika mashine ya ofisi yenyewe. Zote mbili huchukua muda wa kuandaa, na muda huo unapaswa kuwamo katika ratiba ya mradi tangu siku inapoandikwa.